Kijana wa Lushoto Aliyerudishiwa Barua ya Posa kwa Sababu ya Vinyonga

Haya wadau, kisa cha leo hakina msanii wa Bongo Fleva, hakina gari la kifahari wala picha iliyovuja. Kuna kijana wa Lushoto, kuna binti fundi cherehani, kuna barua ya posa iliyorudishwa na hela zake ndani, na kuna vinyonga. Umesoma vizuri: vinyonga. Majina yote yako kapuni, maana wahusika bado wanakutana sokoni na mahari haijaisha kulipwa.

Kijana ana miaka 27. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakamrudisha nyumbani, akawa anapakia kabichi na karoti kwenye malori yanayoshuka usiku kwenda Dar. Kazi ya mgongo hiyo, na hela yake inaishia kwenye mgongo huohuo. Mjomba wake alikuwa anaongoza watalii kwenda Irente, pale ukingoni mwa mlima ambapo ukisimama unaiona nyika ya Mazinde imetandikwa chini ya miguu yako kama mkeka. Mjomba alipoanza kusumbuliwa na magoti akamwachia mpwa wake wageni. Shida ni kwamba Irente kila mtu anaijua. Mgeni akishuka tu kwenye basi anazungukwa na vijana kumi, na wote wanataka kumpeleka palepale. Jamaa akaona hapa bila kuwa na kitu cha peke yake atarudi kwenye kabichi.

Kitu cha peke yake kilikuwa kimelala kwenye matawi, kando ya njia ya kwenda msitu wa Magamba.

Mchana kumwona kinyonga ni kimbembe, unaweza kupita mbele ya pua yake mara tano. Usiku habari inageuka. Kinyonga akilala rangi yake inapauka, na anapenda kulala kwenye ncha ya tawi jembamba, ambako adui akikanyaga tu tawi linatikisika na yeye anaamka. Ukimulika na tochi, kila kitu ni kijani kizito isipokuwa yeye, anang'aa kama karatasi iliyotundikwa. Wageni walifurahi kuliko walivyofurahia Irente. Saa mbili za usiku zikamwingizia shilingi 40,000, hela ambayo kwenye kabichi ilimtaka siku nne.

Ila mgeni akiuliza "huyu nani?" ukamjibu "kinyonga," haridhiki. Anataka kujua kinyonga yupi. Ndipo jamaa akaanza kusoma, kwa simu, kwa vitabu vilivyoachwa na wageni, na zaidi kwa macho yake mwenyewe. Akanunua daftari la shule: tarehe, mahali, pembe ngapi.

Sasa tulieni hapa, maana hizi pembe ndizo kisa chenyewe.

Yule anayeonekana sana Lushoto, hadi kwenye nyuzio za mashamba, ni wa pembe mbili. Usifikirie pembe za ng'ombe. Ni kama vijiti viwili bapa vimetoka puani vikasimama sambamba mbele ya uso. Dume ndiye anayejidai nazo, akikutana na dume mwenzake wanasukumana nazo mpaka mmoja aondoke kwenye tawi. Jike pua yake iko karibu tupu. Dume mkubwa ukimpima pamoja na mkia anaweza kuizidi rula ya shule. Na huyu ni mzaliwa wa Usambara Magharibi, hana kwao kwingine duniani. Kwa miaka mingi wataalamu walimchanganya na ndugu zake wa milima mingine wakawapa wote jina moja la Mjerumani, Fischer, mpaka mwaka 2008 walipowatenganisha kila mmoja na mlima wake. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, Usambara Mashariki kule Amani, wapo wengine wa pembe mbili. Ukimwuliza mtu asiyejua atakwambia ni haohao. Si haohao.

Wa pembe tatu ni habari nyingine kabisa. Dume ana moja puani na mbili mbele ya macho, na mgongo umeinuka kama tanga la ngalawa. Anakaa juu, ndani ya msitu wenyewe, na kumpata ni bahati. Jina lake la kitaalamu limetokana na Derema, mahali huko Usambara Mashariki. Jike wake hana pembe hata moja, na hapo ndipo waongozaji wengi wanapochemka, wanamwita jike huyu kwa jina la jike yule.

Halafu kuna wadogo, urefu kama wa kidole, wanakaa kwenye vichaka vya chini. Mmoja wao ana kitu puani mfano wa kiua cha miiba. Ukimwona mara ya kwanza unadhani ni uchafu umenasa kwenye kijiti. Na yule ambaye watu wa Mombo na nyika yote ya chini wanamjua ni mwenye mikunjo ya ngozi shingoni kama masikio, akichokozwa anajivimbisha, anafumbua mdomo na kufoka. Huyo yuko sehemu kubwa ya Afrika, hana ajabu ya mlima.

Kuna utamu mmoja jamaa hakosi kuwaambia wageni. Mwaka 2006 wataalamu walipounda kundi jipya la kuwaweka hawa wa pembe mbili na ndugu zao, walilipa jina la Kinyongia. Neno la Kiswahili hilo, limechomekwa herufi moja kabla ya ile ya mwisho. Profesa wa Ulaya analitamka darasani bila kujua kwamba anaongea kama bibi wa Lushoto.

Wageni wengine huuliza kama milimani kuna mamba. Hakuna, mamba wako chini, Mto Pangani. Na ni mamba wa kwetu Afrika huyo, ambaye hata akifunga mdomo jino la nne la chini linabaki nje, si yule wa Marekani mwenye pua pana ambaye meno ya chini akifunga mdomo hayaonekani. Huko chini watu wakiona kenge mchanga wanasema mtoto wa mamba, wakati kenge anatoa ulimi wenye ncha mbili kama nyoka, na mamba hawezi hata kuutoa ulimi wake nje ya mdomo. Kwa ukoo, kinyonga, kenge na mjusi wako boma moja na nyoka. Mamba ndugu yake wa karibu aliye hai ni ndege. Ndiyo, kuku wako ana undugu na mamba kuliko kenge alivyo naye.

Turudi kwa mapenzi, maana wengine mnasubiri hilo tu.

Binti ana cherehani yake jirani na soko. Kijana alimpelekea suruali iliyochanwa na miiba ya Magamba, wiki iliyofuata akapeleka nyingine, na ya tatu binti akamwambia, "Kaka, hii hujaichana na miiba, hii umeichana na wembe." Kuanzia hapo hakukuwa na siri. Mwaka ukapita wakiwa wanaongea, halafu familia ya kijana ikatafuta mshenga, barua ikaandikwa, ikatiwa elfu hamsini, ikapelekwa kwa mzee wa binti upande wa Mlalo. Mzee ni seremala, mtu wa msikitini, anaheshimika.

Barua ikarudi. Haijafunguliwa.

Mshenga alieleza kwamba mzee hana tatizo na ukoo, tatizo ni kazi. Alishaambiwa kwamba mkwe mtarajiwa anatembea usiku na tochi akitafuta vinyonga. "Mtu mwenye akili zake anatafuta kinyonga usiku ili amfanyie nini?" Pale kijijini jibu ni moja, uganga, na mbaya zaidi ya uganga. Akaongeza ile hadithi ya mjusi aliyepuliza moto ili umuunguze Nabii Ibrahim. Bibi mzaa baba naye akatia lake: kinyonga ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani kwa mwendo wake wa kunesa, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Hadithi hiyo Wabantu wengi wanayo, kila kabila linaipindisha lake. Na kwamba mjamzito akimtazama kinyonga, mtoto atachelewa kutembea.

Hata hivyo mzee hakufunga mlango. Sharti lake: kijana aache kazi hiyo, kisha alete mahari milioni moja na nusu. Hebu fikiria. Aache kinachomwingizia hela, halafu alete hela. Mfukoni alikuwa na laki tano.

Juni 2022 mnaikumbuka? Serikali ilikuwa imezuia kusafirisha wanyama hai nje ya nchi tangu 2016. Ghafla likatoka tangazo la kufungua kwa miezi sita, ili waliobaki na wanyama wamalizie. Watu wakapiga kelele mitandaoni, na ndani ya siku chache wizara ikalisitisha. Sasa tangazo linapofutwa, masikio mengine huwa yamesikia nusu ya kwanza tu. Siku hizohizo akatokea bwana mmoja nyumba ya wageni, shati limenyooshwa, anauliza nani anawajua "wale wenye pembe." Akaonyeshwa kijana wa daftari.

Bei yake ilikuwa shilingi 15,000 kwa kila mmoja, alitaka sitini. Fanya hesabu: laki tisa. Ongeza laki tano za mfukoni. Mahari hiyo inaonekana, na vinyonga wakishauzwa na kazi imeachwa, sharti la mzee limekaribia kutimia lote kwa pigo moja. Tena kwa kijana anayejua kila mmoja analala tawi lipi, sitini ni kazi ya siku chache. Shetani akija huwa hana pembe, wadau, anakuja na kikokotoo.

Rafiki yake waliyepakia naye kabichi akamwambia, "Acha ushamba. Wamejaa kibao, watazaliwa wengine."

Kinachopaswa kujulikana ni kile ambacho bwana wa shati lililonyooka hakukisema. Januari 2021, kule Austria, forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna ilitangaza kumkamata abiria aliyetoka Tanzania kupitia Ethiopia akiwa na vinyonga 74 kwenye mizigo. Wengine walikuwa ndani ya soksi, wengine kwenye makopo matupu ya aiskrimu. Wa milima ya Usambara hao. Watatu walikufa, waliobaki wakapelekwa kutunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Thamani yao kwa wanunuzi wa magendo ilikadiriwa kuwa kama yuro 37,000. Gawanya mwenyewe: yuro 500 kwa kila mmoja, zaidi ya shilingi milioni moja. Huku mlimani anayempanda mti anapewa 15,000, na akikamatwa ni yeye anayeshtakiwa kwa nyara za serikali. Tena si mara ya kwanza mlima huu kufanyiwa hivyo. Lile ua dogo la zambarau ambalo dunia nzima wanaliweka dirishani kwenye vikopo lilitoka Usambara enzi za Wajerumani, likapewa jina la Mjerumani, Saint Paul, aliyetuma mbegu kwao. Ulizia Lushoto nani analipanda dirishani.

Habari ya Vienna kijana alikuwa anaijua, mgeni alishamwonyesha kwenye simu. Lakini anasema si hiyo iliyomzuia. Kilichomzuia ni daftari. Kulikuwa na dume wa pembe mbili kwenye kona moja ya njia, amemwandika "Mzee wa Kona." Usiku ule alihesabu kurasa akakuta amewaonyesha wageni Mzee wa Kona mara 19 (au yeye, au mrithi wake wa tawi). Mara 19 kwa 40,000 ni laki saba na sitini. Yule bwana anamtaka kwa 15,000. "Mimi nimeishia kidato cha nne, lakini hesabu hiyo inanitosha," alimwambia mchumba wake kwenye simu. Na kulikuwa na jike aliyemwona ameshuka chini mchana kweupe, mtoto wa mtini anayetembea ardhini kwa shida, akichimba shimo la mayai kwa miguu ile isiyofaa kuchimba. Hilo la jike halimo kwenye hesabu, ila alilitaja.

Akakataa. Rafiki yake hakukataa. Leo rafiki ana pikipiki ya bodaboda, anapita asubuhi anapiga honi, wanasalimiana kama kawaida. Na kipande kile cha njia, kuanzia kwenye kona, kwa wiki nyingi tochi ilimulika majani matupu. Kijana ikabidi awatembeze wageni mbali zaidi, na wawili walirudishiwa nusu ya hela yao.

Sasa mnauliza, na posa je? Hapo ndipo binti alipoonyesha kuwa hakumpenda bure.

Kwenda naye porini usiku asingethubutu, angemaliza jina lake kijiji kizima. Alichofanya, alimwuliza mchumba wake maswali yote kwa simu, wanalala wapi, urefu gani kutoka chini, wanaonekanaje, kisha siku moja alipokwenda kwao Mlalo akasubiri wazee walale, akatoka na tochi ya simu kwenye uzio wa miti wa baba yake. Akawakuta saba. Saba, hatua ishirini kutoka chumba alichozaliwa. Anasema wa kwanza alimkimbia. Kwa wa pili alisogea, akaona jicho moja limefunguka likamgeukia yeye, jingine limebaki limelala. Akacheka peke yake gizani.

Asubuhi akamwambia bibi yake tu: "Bibi, watoto wote wa nyumba hii mimba zao umezilea hapa, na hawa saba walikuwa uani. Nani alichelewa kutembea?" Bibi akanyamaza siku mbili. Ya tatu akamwambia mwanawe amwite kijana, "aje na tochi yake tumwone uchawi wake."

Kijana akaja na mshenga baada ya swala ya Isha, amevaa kanzu, anatetemeka. Mzee hakumpa hata kiti. Wakatoka uani, wazee, watoto, majirani wawili waliojialika. Kijana akamulika, akaonyesha mmoja, wa pili, wa tatu. Hakumshika hata mmoja. Akaeleza kwamba hana sumu wala hawezi kumdhuru mtu, mate yake ni mazito na ya kunata kupita kiasi kwa sababu ndiyo gundi ya kukamatia wadudu, na ulimi wake ni mrefu kuliko mwili wake. Rangi habadilishi ili kumdanganya mtu. Inatokea kwenye ngozi, ina vipande vidogo mno vinavyosogea na kurudisha mwanga tofauti, na inafuata hali yake: akikasirika, akisikia baridi, akiona jike. (Wale mnaoita mpenzi aliyewahama kinyonga, mmekosea mno. Angekuwa kinyonga mngemsoma usoni siku ya kwanza.)

Mzee akasikiliza, kisha akatoa swali lake alilokuwa amelishikilia. "Na huyu ndiye aliyepuliza ule moto?"

Kimya. Kijana akameza mate. "Hapana, mzee. Anayetajwa kwenye ile hadithi ni mjusi wa ukutani, mwenye vidole vya kunata. Huyu vidole vyake vimegawanyika makundi mawili, kama koleo. Tazama alivyoshika." Akasogeza mwanga. Kisha, kwa adabu zote, "Yule wa ukutani, mzee, nimemwona sebuleni kwako, juu ya saa."

Bibi ndiye aliyecheka kwanza. Halafu mshenga. Mzee hakucheka, ila aliinama akaitazama ile miguu kwa muda mrefu, mtu wa randa na tezo, na alilosema ni kuhusu mshiko tu: "Hii imeungwa vizuri."

Barua ilipelekwa mara ya pili, ikapokelewa. Mzee aliondoa sharti la kazi, akaweka lake jipya, kwamba mdudu huyo asiingie nyumbani kwa binti yake hata siku moja. Mahari hakupunguza shilingi. Kijana ameshatoa milioni moja na laki moja, mbuzi ameahidiwa, na zilizobaki zinangoja msimu wa wageni. Bibi bado anasema mjamzito asitazame, na kijana ameona hapo asibishane.

Wiki mbili zilizopita mzee alimpigia simu saa tatu usiku, bila salamu ndefu. Watoto wa jirani walikuwa wanarushia mawe uzio wake, ametoka amewafukuza, sasa kuna mmoja pale hana pembe kabisa, tumbo kubwa.

"Huyo jike, baba. Ana mayai."

"Atashuka lini?"

"Siku yoyote. Mchana."

Mzee akasema basi kesho hatafyeka pale chini, akakata simu.